Hesabu Zilizopikwa Chunguni

Kila gunia la chumvi lililotoka stoo ya Benedicte lilikuwa na punje yake ya haragwe.

Ndivyo alivyofanya kazi. Mteja akilipa papo hapo, Benedicte alitia punje nyeupe ndani ya mkebe. Mteja akichukua kwa mkopo, alitia punje nyekundu. Deni likilipwa, alitoa nyekundu, akatia nyeupe. Mkebe wenyewe ulikuwa wa bati, ule mkubwa wa maziwa ya unga. Ulikaa jikoni, juu ya rafu, kati ya sufuria na chupa ya mafuta. Ndani alinyunyizia majivu kidogo ili fukusi wasije wakala deni.

Stoo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao hapo Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na jiko lilikuwa nyuma. Jirani wakisikia bati likilia tak! walijua Mama Lanyero, kama walivyomwita Benedicte, ameuza.

Aliuza chumvi ya Ziwa Katwe. Lori liliileta mara mbili kwa mwezi kutoka Kabatoro, kando ya ziwa hilo. Wateja wengine waliteremka kutoka milima ya Kyondo. Wengine, na hao ndio wengi, walivuka kutoka upande wa Kongo, kutoka Beni na Butembo, wakaondoka na chumvi juu ya pikipiki.

Nyumbani kwao walisema Kiswahili, na sababu yake ilikuwa ndoa. Benedicte alikuwa Mkonzo, mzaliwa wa palepale Bwera. Mumewe Yonasani alikuwa Mwacholi kutoka kaskazini, mwanajeshi mstaafu aliyetunza stoo za jeshi miaka kumi na minane. Walitongozana kwa Kiswahili, na walipoanza kugombana hawakuona haja ya kubadili lugha. Mtoto wao mmoja, Lanyero, alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alisoma uhasibu na kodi katika chuo kimoja cha biashara mjini Kasese.

Hapo kwenye neno kodi ndipo penye shida.

Uhasibu watu waliukubali. Lakini mpakani, ukisema neno kodi, watu huangalia mlango uko wapi. Jirani walimtania Benedicte kila siku. "Mama Lanyero, ule mutoto iko nasomea kutukamata?" Naye alicheka pamoja nao, lakini moyoni utani ule ulimchoma. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa kuliko wote. Kusoma alijua kidogo, na kuandika pia alijifunza parokiani. Kama angetaka daftari, angeweka daftari. Alichagua maharagwe kwa makusudi.

"Karatasi inasema," alizoea kusema. "Haragwe hapana sema."

Mwezi wa tano Lanyero alirudi nyumbani na begi lake na fomu moja ya chuo. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

"Mama, wametutuma fildi," alisema. "Ni mazoezi ya kazi, wiki sita. Natafuta biashara ya kweli, naandika hesabu yake ya mwaka muzima. Mwenye biashara anatia sahihi, halafu mwalimu anakuja kuangalia."

"Vizuri. Fanya."

"Nimezunguka duka nne, mama. Ule wa saruji alininunulia soda, akasema vitabu viliibwa. Wawili walisema mke ndiye anajua, na wake walisema mume ndiye anajua. Wa nne aliona jina ya kozi kwenye fomu, akafunga duka. Saa nne ya asubuhi!"

Benedicte alicheka. Kisha akaona kwamba mtoto wake hacheki.

"Kama hukupata?"

"Sipati diploma. Narudia mwaka."

"Na fizi?"

"Unalipa tena."

Benedicte alipiga hesabu kichwani. Ada ya mwaka mmoja ilikuwa magunia mengi sana ya chumvi. Alikuwa ameyabeba mengine kwa mgongo wake mwenyewe.

"Umebaki wewe tu, mama," Lanyero alisema polepole. "Nipe mukebe, nihesabu. Naandika tu kwa kitabu."

"Ukiandika, watu ya kodi watasoma."

"Hii ni ya chuo, mama."

"Karatasi haina kwao. Leo iko chuo, kesho iko ofisi." Benedicte alishika mkebe wake kama mtu aliyeshika mtoto mbele ya mganga wa sindano. "Hapana, mwanangu. Hapana."

Walibishana siku tatu. Siku ya nne Yonasani alichoka. Alisimama katikati ya nyumba, mikono nyuma.

"Nyinyi wawili! Sikiliza! Amri ni moja. Siku ile mwalimu anafika, mkebe inamwagwa mezani. Inahesabiwa mbele ya wote. Mama anaona na macho yake. Akikubali, inaandikwa. Akikataa, inarudi ndani ya mkebe. Basi. Hakuna maneno."

"Ndiyo, afande," walijibu wote wawili. Hivyo ndivyo walivyomjibu kila alipokuwa na haki.

Lanyero alinunua daftari kubwa. Alilipiga mistari kwa rula: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wiki tano zikapita. Mistari ilikuwa mizuri sana, na kurasa zilikuwa nyeupe.

Siku ya kuja kwa mwalimu ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Alhamisi yake, bila taarifa, alifika Bibi Apio.

Bibi Apio alikuwa mama mzazi wa Yonasani. Alikuwa amesafiri kwa basi siku mbili kutoka Kitgum, akiwa na kuku mmoja na mfuko wa ufuta uliosagwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota. Miaka yake ilikuwa sabini na kitu, na mikono yake haikujua kukaa bure. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi Apio hakungoja hiyo ya tatu.

Ijumaa ni siku ya soko pale mpakani. Benedicte aliamka mapema, akapeleka magunia mawili sokoni. Lanyero alikwenda kumngoja mwalimu kwenye kituo cha teksi. Yonasani alikaa uani akipiga viatu rangi, maana mgeni wa ofisi anakuja. Bibi Apio alibaki jikoni peke yake. Akatazama huku na huku. Mjukuu wake alikuwa na mgeni mkubwa siku hiyo, na katika jiko la mkamwanawe hakukuwa na kitu chunguni. Hiyo ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Juu ya rafu akaona mkebe uliojaa maharagwe.

Benedicte alirudi saa saba mchana. Magunia yote mawili yalikuwa yameuzwa, na ndani ya kiganja chake alikuwa na punje mbili nyeupe, tayari kwa mkebe. Alikuta mwalimu ameshafika. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Soroti, miwani puani, jina lake Madamu Amoding. Alikuwa amekaa mezani na Yonasani na Lanyero. Mbele yake palikuwa na sahani, naye alikuwa anakula kwa raha.

"Karibu, Mama Lanyero," alisema mwalimu. "Tumekutangulia. Bibi amekataa kabisa nifanye kazi na njaa. Haya maharagwe na ufuta, mama, ni tamu!"

Benedicte aliangalia ile sahani. Akaona punje nyeupe. Akaona punje nyekundu. Punje nyekundu zilikuwa chache, zimetawanyika kati ya nyeupe, namna ileile alivyozizoea.

Hakujibu salamu. Alipita moja kwa moja hadi jikoni. Mkebe ulikuwa palepale juu ya rafu, umeoshwa unang'aa. Alifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na sukari.

"Mama," alimwambia mkwe wake, "ile maharagwe ya mukebe iko wapi?"

Bibi Apio alitabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo. "Mimi pika! Ya zamani, mingi majivu. Mimi osha, osha, osha. Sasa safi." Akamgusa bega. "Wewe kazi mingi, mwanangu. Kula."

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Mama mkwe hakemewi. Tena huyu alikuwa amesafiri siku mbili na kuku mapajani. Benedicte alisimama pale jikoni, punje zake mbili mkononi, machozi yakamjaa. Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa umekwenda na ufuta. Hilo aliweza kulivumilia. Lakini kule mbele alikaa mtoto wake na daftari jeupe, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Na kama yeye asingeng'ang'ania mkebe wiki tano zilizopita, kila punje ingekuwa imeandikwa. Kosa halikuwa la Bibi Apio. Benedicte alilijua kosa la nani, na lilimuuma.

Alirudi mezani. Alifungua kiganja, akaweka zile punje mbili juu ya meza mbele ya mwalimu.

"Madamu," alisema, "hesabu yangu ya mwaka ndiyo hii. Hiyo ingine uko nayo ndani ya sahani."

Kijiko cha mwalimu kilisimama hewani. Lanyero aliangalia sahani yake, kisha sahani ya baba yake, kisha mama yake. Uso wake ulipauka.

"Mama! Zote?"

"Zote."

Yonasani alisukuma sahani yake kando, taratibu. Alikuwa ameshakula mara mbili.

Benedicte akaeleza kila kitu. Alieleza punje nyeupe na punje nyekundu. Alieleza kwa nini alikataa daftari. Hakujificha. "Niliogopa kodi, madamu. Mutoto aliniomba, mimi nikakataa. Usimuazibu yeye."

Madamu Amoding alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mnisamehe," alisema. "Nimefundisha uhasibu miaka kumi na mitano. Nimesikia habari ya wakubwa wengi waliopika hesabu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuzionja." Akamgeukia Benedicte kwa upole. "Na chumvi imekolea, mama. Kaa chini. Hakuna mtu amekufa."

"Lakini fildi ya mutoto imekufa."

"Hiyo bado hatujui. Lanyero!" Sauti yake ilibadilika ikawa ya darasani. "Mwenye biashara amepoteza rekodi za mauzo. Imetokea kwa moto, imetokea kwa mafuriko. Leo imetokea kwa bibi. Tunafanya nini?"

Lanyero aliweka kijiko chini. "Tunatafuta ushahidi mwingine, madamu."

"Upi?"

Lanyero alifungua daftari, akalifunga. Benedicte alimtazama mtoto wake, akaomba Mungu kimoyomoyo. Alitamani kumsaidia, lakini hakujua hata swali lenyewe lilikuwa nini.

"Huu ni mtihani wako, si wangu," mwalimu alisema. "Fikiri. Mimi namalizia chakula."

Lanyero aliinuka, akaenda kusimama mlangoni mwa stoo. Akayatazama magunia muda mrefu. Halafu akageuka, na uso wake ulikuwa mwingine.

"Chumvi haioti stoo," alisema. "Kila gunia iliyotoka, kwanza iliingia. Hatuna hesabu ya kutoka, lakini tunaweza kupata ya kuingia. Tunachukua ile tulikuwa nayo mwanzo wa mwaka. Tunaongeza ile tulinunua. Tunatoa ile iko ndani sasa. Ile inapotea katikati ndiyo mama aliuza!"

"Endelea," alisema mwalimu bila kuinua kichwa. Lakini kijiko chake kilikuwa kimetulia.

"Mama, wakati lori inatoka Kabatoro, Nzanzu anakupa nini?" Nzanzu ndiye aliyemuuzia Benedicte chumvi kule ziwani.

"Hapana nipa kitu. Ananipa chumvi."

"Karatasi?"

"Ah! Ile ya askari ya barabara? Ile iko. Bila ile hawapitishi lori."

"Iko wapi?"

Benedicte alifungua mkoba wake wa zamani uliotundikwa nyuma ya mlango. Ulikuwa umejaa vikaratasi vya buluu, vimekunjwa, vingine vimelowa chumvi. Hakuwahi kuvithamini. Kwake vilikuwa vya askari tu, naye alivitunza ili asisumbuliwe. Lanyero alivipanga juu ya meza kwa tarehe. Kila kimoja kilikuwa na mhuri, siku, na idadi ya magunia: thelathini, thelathini, thelathini.

Lori lilikuja mara ishirini na nne kwa mwaka. Vikaratasi vilikuwa ishirini na viwili.

"Mbili zimepotea," alisema Benedicte, na moyo wake ukashuka tena.

"Nzanzu anaandika na kaboni," Lanyero alisema. "Nakala iko kwake." Akapiga simu. Kule Kabatoro Nzanzu alilalamika kwamba anakula, kisha akaenda kufungua kitabu chake. Akazisoma tarehe zote mbili na idadi. Thelathini na thelathini.

"Jumla mia saba na ishirini zilizoingia," alisema Lanyero akiandika. "Sasa mwanzo. Mwaka jana mwezi wa saba tulikuwa na ngapi?"

Hapo Yonasani akasimama, akanyoosha shati. Alikuwa amengoja nafasi hii muda mrefu.

"Fuata mimi," aliamuru.

Wakamfuata stoo. Akausukuma mlango, akaonyesha nyuma yake. Pale kulikuwa na maandishi ya chaki, hafifu lakini yanasomeka: tarehe moja mwezi wa saba mwaka jana, na chini yake, kumi.

"Mwaka wa serikali inaanza mwezi wa saba," alisema. "Jeshini, mwaka ikianza, unahesabu stoo na unaandika. Mimi naandika kila mwaka. Mama Lanyero anasema nachafua mlango."

Benedicte aliangalia mlango. Kweli alisema hivyo, kila mwaka, na mara mbili alijaribu kuufuta.

Yonasani akahesabu magunia yaliyobaki, akiyagonga moja moja kwa kiganja. Yalikuwa thelathini.

Lanyero aliandika kwenye daftari lake, na mama yake akasogea karibu kuangalia. Kumi za mwanzo, na mia saba na ishirini zilizoingia. Mia saba na thelathini. Toa thelathini zilizobaki.

"Mia saba," alisema Lanyero. "Mama, umeuza magunia mia saba."

"Na mbili za leo?" Benedicte alionyesha punje zake.

"Ziko ndani tayari. Baba amehesabu baada ya wewe kuuza."

Benedicte alimtazama binti yake. Wiki tano alikuwa amemwona kama mtoto anayeomba mkebe. Sasa alimwona mtu mzima anayejua kazi. Furaha ilimshika ghafla, akajifuta macho na pembe ya kitenge.

"Gunia moja unauza ngapi, mama?" mwalimu aliuliza.

"Elfu makumi tatu."

"Mara mia saba. Ni milioni ishirini na moja kwa mwaka."

"Milioni ishirini na moja!" Benedicte alishtuka. "Iko wapi? Mimi sijaiona!"

"Hiyo ni mauzo, si faida. Humo ndani kuna pesa ya Nzanzu, kuna ya lori, kuna ya wabebaji. Ukitoa zote, ile inabaki ndiyo yako. Wafanyabiashara wengi wanachanganya hizo mbili, halafu wanashangaa."

"Sasa kodi." Benedicte alilitamka neno hilo kama mtu anayegusa chungu kuona kama ni cha moto. "Watachukua ngapi? Milioni mbili? Tatu? Na kila soko ninalipa tikiti!"

"Tikiti ni ushuru wa soko, mama. Ni ya kufagia soko na kutengeneza choo. Hii ni kodi ya biashara, ni kitu kingine. Lanyero, mwambie."

Lanyero alisogeza kiti karibu na mama yake.

"Kwa biashara ndogo, mama, wanaangalia mauzo ya mwaka. Kama haifiki milioni kumi, hulipi kitu. Ikiwa kati ya kumi na thelathini, iko njia mbili. Kama hauna kitabu, unalipa elfu themanini. Hata kama uliuza kidogo. Kama uko na kitabu, unalipa juu ya ile imepita milioni kumi tu. Kila elfu moja, unatoa shilingi nne."

"Nne?"

"Nne. Wewe umepita ile kumi kwa milioni kumi na moja. Ni elfu arobaini na nne."

Benedicte aliangalia daftari, kisha akaangalia mkebe uliong'aa kule jikoni.

"Ngoja," alisema. "Mwenye kuandika analipa arobaini na nne. Na mwenye kuficha ndani ya haragwe?"

"Themanini," alisema mwalimu. "Na anakaa na hofu juu yake, hiyo haina bei. Mama, wewe unasema haragwe haisemi. Ni kweli. Basi siku mtu anakuja kukuuliza, nani atasema kwa ajili yako? Usipojihesabu mwenyewe, utahesabiwa na mwingine." Akanywa maji kidogo. "Viwango hubadilika, kila mwaka uliza ofisi. Kuuliza ni bure, na namba ya mlipa kodi inatolewa bure. Nenda mwenyewe, kabla hujaitwa."

Fomu ya chuo ilikuwa mezani. Chini yake kulikuwa na mstari wa sahihi ya mwenye biashara. Benedicte aliisoma yote, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopanda mlima kidogo.

Madamu Amoding naye akatia sahihi.

"Mwaka huu nimetembelea wanafunzi kumi na saba," alimwambia Lanyero. "Kumi na sita walinakili kitabu cha mwenye duka. Wewe umefufua hesabu iliyoliwa. Hiyo nitaieleza darasani mpaka nistaafu."

Bibi Apio, ambaye hakuelewa hata nusu ya mambo yale, aliona tu kwamba watu wanacheka. Akaja na sufuria kumwongezea mwalimu.

Lilibaki jambo moja: punje nyekundu. Karatasi za Nzanzu hazikujua nani alichukua kwa mkopo. Benedicte aliwakumbuka wengi. Lakini mteja wake mkubwa wa ng'ambo, Célestin wa Butembo, alichukua kidogokidogo, akilipa na kukopa tena. Kwake Benedicte hakuwa na uhakika. Zilikuwa saba? Zilikuwa tisa? Habari zilishavuka mpaka kwamba hesabu za Mama Lanyero zimeliwa na mwalimu. Mtu mwingine angesema hadaiwi kitu, nani angembishia?

Jumatatu asubuhi pikipiki ilisimama mlangoni. Alikuwa Célestin, vumbi hadi kwenye kope.

"Mama Lanyero, bonjour! Nasikia batu beko nasema ku mupaka, deni zetu zilipikwa?"

"Ilipikwa, Célestin. Na ufuta."

Célestin alicheka mpaka akashika usukani. Kisha akatoa daftari dogo kwenye koti lake. "Mimi iko na kaye yangu. Kila gunia minachukua, minaandika. Ona: tisa. Leo minalipa ine, inabakia tano. Na wewe andika, mama. Kaye moja inaweza kupotea. Mbili hapana."

Benedicte alifungua daftari la mistari. Lanyero alitaka kushika kalamu, lakini mama yake alimzuia kwa mkono. Akaandika mwenyewe: Célestin, amelipa manne, yamebaki matano. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Wiki ile mama na binti wakaenda ofisi ya kodi. Benedicte alivaa kitenge chake cha Krismasi. Alitoka na namba yake, akalipa elfu arobaini na nne benki, akaitundika risiti stoo mahali kila mtu angeiona. Jirani walikuja kuitazama. Yule wa saruji alikuja mara mbili. Mara ya pili alikohoa, akauliza kama Lanyero ana nafasi siku ya Jumamosi, maana vitabu vyake vilivyoibwa vimeonekana.

Mwisho wa mwaka Lanyero alipata diploma yake. Daftari la stoo lilikuwa limefika katikati, na mwandiko ulikuwa wa mama. Lilikaa ndani ya droo ya meza ya stoo, na ufunguo wake Benedicte aliuvaa shingoni. Jikoni hakuna kilichobaki isipokuwa vya kula.

Siku moja basi ilileta kifurushi kutoka Kitgum. Ndani kulikuwa na maharagwe kilo tano, yamechaguliwa, meupe na mekundu. Jioni ile Bibi Apio alipiga simu kwa mwanawe, na Yonasani akamtafsiria mkewe.

"Anasema hii ni ya kula. Ile ya kusoma, ficha mbali na yeye."

Benedicte alicheka, akauweka mfuko juu ya meza ya stoo. Kwa mazoea alifungua droo, akatoa daftari, akafungua kalamu. Kitu kimeingia, kiandikwe. Lanyero alikuwa mlangoni, akitazama.

Mama aliangalia daftari. Akaangalia mfuko. Kisha akafunga kalamu.

"Hii hapana ingia kitabu," alisema. "Kitabu ni ya chumvi. Hii ni ya nyumbani."

Akalirudisha daftari, akafunga droo kwa ufunguo, akabeba maharagwe kwenda kuyaloweka. Lanyero alibaki amesimama pale mlangoni. Somo hilo la kutenga biashara na nyumba, chuoni lilimchukua muhula mzima.